Cut7 na Pkl1: mvutano ndani ya spindeli
Umeuliza kwa nini hamira ya Schizosaccharomyces pombe yenye Cut7 mbovu hukwama katika kugawanyika kwenye nyuzijoto 36, lakini ukifuta jeni ya Pkl1 inaishi. Cut7 na Pkl1 ni protini-mota zinazofanya kazi kwenye spindeli, yaani muundo unaotenganisha kromosomu seli inapogawanyika. Hapo ni kuvutana kamba. Cut7 ina jozi mbili za vichwa: kila jozi hushika mikrotubuli yake (nyuzi za protini zinazounda spindeli), huzisukuma zilizoelekeana, na ncha za spindeli zinaachana. Pkl1 huvuta kurudi ndani. Cut7 ikilegea, ncha hazitengani. Kwenye darubini utaona spindeli ya umbo la V. Ukuta wa seli nao hausubiri, unakikata kiini katikati!

Bila Cut7 na Pkl1 zote mbili, mikrotubuli hujitanua zenyewe kwa kukua, mradi Ase1, protini nyingine, izifunge pamoja zinapopishana. Ukifuta na Ase1, seli zinakufa.