Maswali ya Lugha: Neno "bedlam" limetoka wapi?

Swali: Gazeti moja la Kiingereza limetumia "bedlam" kueleza mashabiki waliovamia uwanja. Lina maana gani?

Ni vurugu tupu, purukushani yenye makelele: huyu anapiga yowe, yule anakimbia, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Foleni ya magari iliyokwama kimya kimya haiitwi hivyo.

Swali: Nimeambiwa linatokana na Bethlehemu. Kweli?

Kweli, ila limepitia London. Mwaka 1247 ilianzishwa pale Bishopsgate nyumba ya kitawa ya Mtakatifu Maria wa Bethlehemu. Baadaye ikawa hospitali, na kufikia 1403 walikuwamo wagonjwa wa akili. Midomo ya wenyeji ikalifupisha jina: Bethlem, kisha Bedlam. Karne ya 17 jina likatoka nje ya kuta zile, likawa neno la fujo yoyote.

Mwaka 1676 hospitali ilihamia Moorfields, kwenye jengo la fahari lililosanifiwa na Robert Hooke. Juu ya lango palilazwa sanamu mbili za mawe, za wanaume walio karibu uchi: mmoja amezama katika huzuni, mwingine amefungwa minyororo. Watu wa mjini walipita hapo chini kwenda kuwatazama wagonjwa kama tamasha, hadi walipowekewa masharti mwaka 1770. Inauma kuyasoma hayo. Wale walikuwa watu wenye maumivu, na kilio chao ndicho kilichogeuzwa jina la kelele.

Swali: Hospitali yenyewe bado ipo?

Ipo, na bado inatibu wagonjwa wa akili. Tangu 1930 iko karibu na Beckenham, kusini mwa London.

Swali: Basi kulitumia ni tusi?

Kwa soko au mechi, hapana. Waingereza wengi wa leo hawaifikirii hospitali wanapolitamka. Usilitumie kwa mgonjwa wala kwa wodi yake. Nasi tuna letu: mtu akikosea kidogo tu anaambiwa apelekwe Mirembe. Mirembe ya Dodoma ni mahali pa kutibiwa, na mwenye ndugu aliyelazwa pale akiusikia mzaha huo unamchoma. Mimi ningependa tuuache.

Swali: Lina tofauti gani na "chaos"?

"Chaos" ni la Kigiriki, na mwanzoni lilimaanisha pengo au utupu. Siku hizi ni hali ya kukosa mpangilio, hata pakiwa kimya: faili zilizochanganyika kabatini ni "chaos", si "bedlam".