Mzee wako akifika dharura, usikubali jibu la "ni uzee tu"

Dada mmoja wa Kongwa ameniandikia wiki hii. Baba yake alilazwa sakafuni mapokezi ya hospitali usiku kucha bila kuguswa na mtu, na sasa ndugu wanamlaumu yeye kwa sababu ndiye aliyempeleka. Anauliza angefanya nini. Ujumbe ule niliusoma nikiwa kazini, ikabidi nitoke nje kwanza. Yaliyompata baba yake yalimpata mama yangu mwaka jana, hapahapa Dodoma mjini, na uchungu wake bado ninao.

Mama alikuwa amekuja kwangu Nzuguni kutoka Mvumi kwa ajili ya kliniki ya sukari. Ilikuwa Julai, na mnaoijua Dodoma mnaujua ule upepo wa alfajiri. Nilipoamka nikamkuta ameketi kitandani, khanga imelowa jasho chapachapa. Jasho, kwenye baridi ile! Nikamwamkia, akanitazama tu. Kisha akaanza kuongea Kigogo, anamwita dada yake aliyekwishafariki miaka mingi. Jirani yangu ana bajaji, tukambeba tukaondoka.

Getini mlinzi akasema mgonjwa aingie, ndugu wabaki nje. Nikamwambia kaka, huyu mama hawezi kujieleza, mimi ndiye mdomo wake. Nikaingia naye. Nesi akamuuliza jina, umri, anaumwa wapi. Mama akajibu kwa Kigogo. Nesi akaandika kidogo kwenye daftari, akanigeukia: "Dada, huu ni uzee. Wakifika umri huu wanachanganyikiwa. Nenda dirishani kahakiki kadi ya bima, halafu msubiri daktari."

Dirishani mtandao unasumbua. Tukakaa kwenye benchi la chuma, mama ameniegemea, anazidi kulegea. Nilisema ana sukari. Nikaonesha na vidonge vyake. Nikasema jana jioni alikunywa dawa, akakataa chakula, akalala. "Tumekusikia dada, subiri." Hakuna aliyeandika neno. Pembeni yangu kulikuwa na kijana aliyeanguka na bodaboda, yeye alichukuliwa haraka, na alistahili, damu ilikuwa inatoka. Lakini mzee anayekufa hatoi damu. Anasinzia tu, na watu wanapita.

Jua lilikuwa limeshatoka zamu ilipobadilika. Daktari kijana akapita mbele ya benchi, akasimama. "Shikamoo bibi." Mama hakuitikia. Akachuchumaa, akamshika kiganja, kisha akautazama mkono wake mwenyewe uliolowa. Akauliza, "Sukari yake ngapi?" Kimya. Mashine ikaletwa, mama akatobolewa kidole, namba ikatokea: 2.1. Kwa mgonjwa wa sukari, chini ya 4 tayari imeshuka. Pale ndipo nilipoona watu wanakimbia. Machela ikaja, wakamtafuta mshipa, wakampa sukari ya sindano. Muda si mrefu mama akafumbua macho, akaniuliza kwa Kiswahili kilichonyooka: "Mbona mmenileta huku bila viatu?"

Nililia mbele za watu, na sioni aibu kusema.

Ndugu zangu, ninyi mnaonisoma mnahangaika kama mimi ili wazazi wale, wavae, watibiwe. Basi sikilizeni. Mzee akichanganyikiwa ghafla, huo si uzee. Uzee hauingii usiku mmoja. Jana alikuwa anasimulia habari za shamba, leo hakutambui: hiyo ni dharura. Inaweza kuwa sukari imeshuka, inaweza kuwa kiharusi, inaweza kuwa maambukizi ya mkojo au ya mapafu, na kwa wazee maambukizi huja hata bila homa. Mwambie nesi maneno hayohayo: "Jana alikuwa mzima wa akili, leo hayuko sawa." Kisha omba vipimo kwa majina yake. Sukari ngapi? Presha ngapi? Oksijeni ngapi? Ukiuliza namba, mtu analazimika kwenda kuitafuta. Mimi sikutukana mtu wala sikupaza sauti, ila sikunyamaza, na sikutoka pale alipo mama.

Dawa zake zote beba, na maboksi yake. Yule daktari alipoona kidonge cha mama ni glibenklamidi, alikataa kumruhusu siku ile. Alinieleza kwamba dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu, mtu anaweza kuzinduka vizuri, mkamrudisha nyumbani, sukari ikashuka tena usiku. Baadaye nikasoma kwamba Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya dawa muhimu, limeandika kuwa haifai kwa waliozidi miaka 60. Mama alikuwa ameinywa miaka. Usimwachishe mzazi wako dawa kwa sababu yangu, lakini nenda kliniki ukaulize kama kuna nyingine. Na kama mzee wa sukari anatoka jasho na kutetemeka, na bado anaweza kumeza, mpe soda yenye sukari au maji ya sukari hapohapo, kisha mkimbize hospitali. Akiwa hajitambui usimmiminie kitu mdomoni.

Dada wa Kongwa, ndugu wanaokulaumu waulize walikuwa wapi usiku ule. Wewe ulikuwepo. Andika barua kwa mganga mfawidhi wa hospitali ile, taja tarehe, saa mliyofika na saa baba alipoonwa, kisha omba nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Mimi niliandika ya kwangu, nikaitwa, nikaombwa radhi. Radhi ile haikunitosha, lakini barua iko kwenye faili.

Umesema pia baba hana bima. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inatambua matibabu bila malipo kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza, ila ukifika usiku bila karatasi yoyote mtazungushwa. Nenda kwa mtendaji wa kijiji ukaulizie utambulisho wa baba na kitambulisho cha mzee kutoka halmashauri. Na mkifika hospitali wakianza habari za malipo, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii, ndiyo inayoshughulikia misamaha. Uende wiki hiihii, baba akiwa bado ana nguvu za kukaa kwenye foleni ya kupigwa picha ya kitambulisho.