Mtambo wa Milioni 6 wa Kupokea Muziki: Je, Ninunue?

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu mstaafu, ninakaa Chake Chake. Nina amplifaya ya zamani na spika mbili kubwa, na kila baada ya Isha husikiliza taarab asilia kutoka mtandaoni kwa kuunganisha simu yangu na waya. Mwanangu aliyeko Unguja ameona mtambo maalumu wa kupokea muziki wa mtandaoni, bei yake shilingi milioni 6, na muuzaji anasema sauti yake haina mfano. Je, ninunue?

Jibu: Waalaykum salaam, Maalim. Kwa hali uliyoieleza, ningekushauri usinunue.

Mtambo huo una kazi mbili: kupokea tarakimu, yaani namba zinazobeba muziki, kutoka mtandaoni, kisha kuzigeuza kuwa mawimbi ya umeme ambayo amplifaya huyakuza. Katika kazi ya kwanza fedha haziongezi kitu, kwa sababu kipande cha data kikipotea njiani huombwa upya, na wakati huo unaendelea kusikia kile kilichokwisha kuhifadhiwa ndani ya kifaa. Mtandao ukizidi kuwa mzito muziki hukatika, au huduma yenyewe hushusha ubora ikiwa imeruhusiwa kufanya hivyo. Lakini hakuna kisanduku kinachoweza kupokea tarakimu zile zile kwa utamu zaidi kuliko simu yako.

Katika kazi ya pili tofauti zipo, ila siku hizi ni ndogo mno. Diski ya CD hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, kiwango kinachotosha kubeba mitetemo 20,000 kwa sekunde, ambayo ndiyo mwisho wa sikio la kijana. Sisi wenye mvi tulikwisha kushuka chini ya hapo. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Marekani, Meyer na Moran, walichapisha jaribio ambalo wasikilizaji walitakiwa kutofautisha rekodi za ubora wa juu kuliko CD na rekodi hizo hizo zilizopitishwa katika kiwango cha CD. Katika majaribio 554 walipata 276, yaani kama mtu anayebahatisha.

Nami nilifanya jaribio dogo kwa mteja mmoja wa Mkoani aliyekuwa amekwisha kununua mtambo wa namna hiyo. Nilikifunika kwa kanga kisanduku chake cha mamilioni pamoja na changu, cha bei ya kilo chache za karafuu, nikawa nabadilisha bila yeye kuona. Mwanzoni alikitambua chake kila mara. Nilipopima kwa mita kwenye waya za spika nikakuta chake kinatoa sauti kubwa kidogo, na sikio la binadamu huidhani sauti kubwa kuwa ndiyo nzuri. Niliposawazisha, akaanza kukisifu changu. Tulinywa kahawa na hatukulizungumza tena.

Lipo na suala la rekodi zenyewe. Santuri za Siti binti Saad zilirekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928, na kile ambacho santuri haikukinasa siku ile hakitarudishwa na mtambo wowote. Ukichagua kiwango cha biti 320,000 kwa sekunde, saa moja itakula takriban megabaiti 144 za bando lako. Kiwango cha juu kabisa kinachotangazwa kinaweza kufika gigabaiti 4 kwa saa, na ganuni itabaki ile ile.

Ikiwa unakerwa na simu kuita katikati ya wimbo, au tundu lake la waya limelegea, nunua kigeuzi kidogo cha kuchomeka kwenye simu ya akiba. Vipo vya chini ya shilingi laki moja na vinafanya kazi vizuri. Mtambo ghali utakupa kioo kizuri, rimoti na umbo la kupendeza ukumbini, mambo ambayo mtu ana haki ya kuyalipia, mradi asiyaite sauti.

Mahali penye faida ni spika na chumba. Ondoa vitambaa vya mbele vya spika, kisha gusa kwa kidole, polepole, ukingo unaozunguka koni, ile sehemu ya spika inayotetemeka. Ukiwa ni wa sifongo na ukamegeka kama boflo la juzi, hapo ndipo sauti yako inapopotelea, na fundi anaweza kuubadilisha bila kununua spika mpya. Halafu simama katikati ya ukumbi upige kofi moja. Ukisikia mlio unaorudi kutoka kwenye sakafu na kuta tupu, tandika zulia, tundika mapazia mazito, na zisogeze spika mbali na pembe za ukuta. Kwa fedha hizo hakuna mabadiliko makubwa zaidi ya hayo.

Usisahau umeme. Pemba hupata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010, na hatari kwa amplifaya kongwe ni pale umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, kwa hiyo ifungie kinga kama ile ya friji.

Kabla ya yote hayo, Maalim, zima amplifaya na uchomoe ile waya ya simu kwa nyuma. Hewa yetu ya chumvi huacha ganda la kijani kwenye ncha za waya. Ukiliona, lifute kwa pamba yenye spiriti, subiri ncha zikauke, kisha usikilize upya.