Hukamatwi kwa Kiingereza Urusi, ila jifunze Kirusi

Wengi mmeniuliza, hasa wazazi wenye watoto wanaojiandaa kuja kusoma: ni kweli Urusi wamepiga marufuku Kiingereza, na ukikiongea barabarani unakamatwa? Hapana. Niko hapa Moscow, naongea Kiingereza na Kiswahili ndani ya metro na sijawahi kuguswa. Sheria haihusu mdomo wa mtu.

Inahusu maandishi. Sheria ya lugha ya taifa ipo tangu 2005. Mwaka 2023 Putin alisaini marekebisho yanayotaka shughuli za kiserikali ziachane na maneno ya kigeni ambayo Kirusi tayari kina lake. Ya 2025 ndiyo iliyofika mtaani: kuanzia tarehe 1 Machi 2026 vibao vya maduka, matangazo kwa wateja na majina ya majengo mapya ya makazi yawe kwa Kirusi. Kiingereza unaweza kukiweka pembeni, mradi maana iwe ileile na herufi zilingane kwa ukubwa na mwonekano.

Anayeumia hapo ni mfanyabiashara mdogo. Mama mmoja wa saluni jirani na kwangu alikwangua maandishi ya Kiingereza kwenye kioo kwa wembe, herufi moja moja, ndipo akabandika ya Kirusi kwa pesa yake. Wenye nembo zilizosajiliwa wameachiwa majina yao. Kulinda lugha naunga mkono kwa moyo wote, ila kumbebesha mzigo asiye na mwanasheria naona ni uonevu.

Na maneno ya kigeni yenyewe hayajaenda popote. Vijana ofisini bado wanasema dedlain na miting, yaani deadline na meeting za Kiingereza, kutwa nzima. Hata kati ya kamusi ambazo serikali imeziidhinisha, mojawapo ni ya maneno ya kigeni. Mambo haya si mapya huku: zama za Stalin mkate mdogo ulioitwa wa Kifaransa ulipewa jina jipya, ukawa wa mjini.

Sasa wazazi, nisikilizeni. Kinachowatesa watoto wetu si sheria hiyo, ni kuja bila Kirusi. Ukifika kliniki unakuta watu wamekaa tu, hakuna mstari. Unatakiwa uulize kwa sauti, "Nani wa mwisho?", umkariri atakayejibu, uingie baada yake. Usipojua hilo, utakaa mpaka mchana watu wakikupita. Karani wa uhamiaji Kirusi, mwenye nyumba Kirusi, muuza dawa Kirusi.

Vyuo vingi vina mwaka wa maandalizi wa kufundisha lugha. Mwombeeni mtoto nafasi ya mwaka huo, hata kama kozi yake itafundishwa kwa Kiingereza. Herufi aanze kuzisoma akiwa huko huko nyumbani, zinawezekana. Na wakala akiwaambia Kiingereza kinatosha, mwambieni awaonyeshe mkataba wa bweni, muone umeandikwa kwa lugha gani.