Chagua ufito kwa mto wako, si kwa katalogi

Mchagua jembe si mkulima, husema wahenga. Kwa jembe nakubali. Kwa fimbo ya kuvulia trauti kwa nzi bandia sikubali hata kidogo. Nimejenga tano kwa mikono yangu, na ile ya kwanza ilinitesa misimu miwili mizima ingawa ufundi wake haukuwa na kasoro. Uzi ulifungwa vizuri, vanishi ilikauka bila mapovu, mpini ulikaa sawa kiganjani. Kosa nilikuwa nimelifanya kabla ya yote hayo, siku nilipoagiza ufito.

Ufito ninaousema ni fimbo tupu, bomba jembamba lenye uwazi ndani, kabla halijafungwa pete za kupitishia mshipi, mpini na kishikio cha rili, yaani kigurudumu cha kuzungushia mshipi. Wauzaji huuita blanki. Pete ukizikosea unakata uzi na kuzifunga upya. Mpini ukiwa mnene unaupiga msasa. Ufito ukiukosea, umeukosea.

Mimi huvua zaidi Gura na Chania, mito inayoteremka kutoka milima ya Aberdare. Trauti hawakuwa samaki wa asili wa huku. Mlowezi Mwingereza Ewart Grogan ndiye aliyeleta mayai yao kutoka Loch Leven, Uskoti, mwaka 1905, yakapandwa Gura. Anayeijua Gura anajua kwamba mianzi imeinama juu ya maji pande zote mbili, mawe ni makubwa, na samaki hukaa kwenye vidimbwi vidogo nyuma ya mawe hayo. Hakuna nafasi ya kurusha mbali. Mrusho wangu wa kawaida ni mita sita au saba, ukihesabu na ule uzi mwembamba wa mbele.

Na mimi niliagiza nini? Futi 9, namba 6, kaboni ngumu inayopinda nchani tu. Maelezo ya muuzaji yalisema unarusha mbali na kwa nguvu, nami nikaona nguvu si kitu cha kukataa.

Hapa ndipo watu wengi huteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo. Namba iliyoandikwa kwenye ufito haipimi ukubwa wa samaki. Ni uzito wa mshipi, na mshipi wenyewe hupimwa futi 30 zake za kwanza tu, yaani mita 9 na kidogo. Kwa kipimo hicho namba 3 ni karibu gramu 6.5, namba 4 ni 7.8, namba 5 ni 9.1 na namba 6 ni 10.4. Katika kurusha nzi, nzi hana uzito wa kujipeleka. Mshipi ndio unaoukunja ufito, na ufito ukijikunjua ndipo mshipi unapokwenda mbele. Sasa fikiria niko Gura, nje ya ncha kuna mita nne tu za mshipi. Hata nusu ya ule uzito unaotakiwa haijafika. Ufito wa namba 6 haukuhisi chochote, ukabaki umenyooka kama mti wa bendera, nami nikawa nasukuma kwa bega. Kila nikiongeza nguvu nzi alitua kwa kishindo na trauti walikimbia.

Kwa hiyo swali la kwanza ujiulize, kabla hujafungua tovuti yoyote ya muuzaji, ni hili: mshipi wa urefu gani huwa nje ya ncha ninapovua kweli? Nenda mtoni na kipimo cha fundi, pima. Ukikuta ni chini ya mita sita, tafuta ufito wa namba 3 au 4, wa futi 7 mpaka 7 na nusu, unaopinda mpaka karibu na mpini. Ufito wa namna hiyo hufanya kazi kwa mshipi mfupi, na urefu wake hauvutwi na mianzi kila unapogeuka. Wangu wa pili ulikuwa futi 7 na nusu, namba 4, wa faiba, yaani nyuzi za kioo. Siku ya kwanza nilipoupeleka Chania nilinyamaza muda mrefu. Nilikuwa nimezoea kupigana.

Lakini usiutupe ule mgumu. Wangu wa futi 9 niliupandisha baadaye mpaka ziwa Rutundu, kwenye Mlima Kenya, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Pale hakuna mianzi ya kukuzuia. Kuna upepo, na samaki wakati mwingine huzunguka mbali na ukingo. Mshipi ukitoka mita 15 uzito wake unatosha kuuamsha ufito, na ule ufito nilioulaumu misimu miwili ukafanya kazi kwa uzuri ulioniumiza moyo. Ulikuwa umezaliwa kwa ajili ya ziwa.

Kuhusu malighafi, nina upande wangu na siufichi. Kaboni ilianza kuuzwa kama fimbo za nzi mwanzoni mwa miaka ya 1970, Fenwick wa Marekani wakiwa mbele, na ndiyo iliyo nyingi leo. Ni nyepesi na hurudi haraka. Ila kadiri inavyotengenezwa kuwa ngumu na nyembamba ndivyo inavyochukia kugongwa. Alama ndogo ya jiwe, au nzi mwenye kichwa cha risasi akiugonga katikati ya mrusho, inaweza kuleta mpasuko utakaoonekana siku ya samaki mkubwa. Faiba ni nzito kidogo na hurudi taratibu, lakini inavumilia mawe, na inapinda vizuri hata kwa samaki wa kiganja. Kwa mito yetu midogo naipenda zaidi.

Vijana huniuliza kwa nini nisikate mianzi ya Aberdare. Fimbo za mwanzi zipo, na ni nzuri, lakini hutengenezwa kwa mwanzi wa Tonkin kutoka Guangdong, China, wenye nyuzi nene na zilizoshikana. Hupasuliwa vipande sita vya pembetatu vilivyochongwa kwa vipimo vya unywele, kisha huunganishwa kwa gundi. Ile ya msituni kwetu haina nyuzi hizo, na ndani ya hifadhi hairuhusiwi kukatwa. Tuiache isimame.

Jambo lingine lililonigharimu: kuutikisa ufito mtupu mkononi hakukuambii ukweli. Bila pete na vanishi ncha ni nyepesi mno, kwa hiyo kila ufito huonekana mwepesi wa kurudi kuliko utakavyokuwa ukikamilika. Ukitaka mlaini, huo utalainika zaidi. Ukitaka mgumu, weka hilo akilini.

Badala ya kutikisa, pima. Mmarekani William Hanneman alieneza njia yake mwaka 2003 kwa kutumia senti za kwao, kila moja gramu 2.5. Mimi natumia mchele na mizani ya jikoni. Bana ufito ulale sawa na meza, shina likiwa mezani pale mpini utakapokaa. Ning'iniza kifuko chepesi nchani, uongeze mchele kidogo kidogo mpaka ncha ishuke theluthi moja ya urefu wa ufito. Kwa futi 9, yaani sentimita 274, ni kama sentimita 91. Kwa futi 7 na nusu ni kama 76. Pima mchele na kifuko, andika. Kisha fanya hivyo hivyo kwa fimbo unayoipenda, yako au ya rafiki. Namba zikikaribiana, unajua unanunua nini. Nimekutana na fito mbili zilizoandikwa namba 5 zote mbili, na moja ilitaka mchele mwingi kuliko nyingine kwa tofauti ya kushangaza. Kila kiwanda huandika kinavyoona.

Vipande: chukua vinne. Futi 9 ikikatwa vinne, kila kimoja ni kama sentimita 71, kinaingia kwenye begi la matatu bila ugomvi, na gharama ya kusafirisha bomba refu kutoka ng'ambo hukuepuka. Zamani ilisemwa kwamba maungio mengi huharibu mkunjo. Kwa fito nzuri za sasa mimi sioni tofauti. Ila angalia maungio yenyewe. Ukisukuma kipande kimoja juu ya kingine, pawe na nafasi ndogo iliyobaki, kwa sababu yatalika na kusogea mwaka hadi mwaka. Yaliyofika mwisho tangu siku ya kwanza yatalegea.

Ukishaupokea, unganisha vipande, uuinue usawa wa jicho na kuuzungusha. Karibu kila ufito una kombo kidogo. Wengine husisitiza utafute uti wake, ule upande mgumu, na kufunga pete kwa kuufuata. Nimejaribu njia zote mbili, na sasa nafuata mnyoofu tu: ile kombo naielekeza juu, uzito wa pete uishushe.

Halafu usikimbilie uzi. Zishike pete kwa utepe wa karatasi, idadi yake kama futi za ufito ukiongeza moja, bila kuhesabu ya nchani. Funga rili kwa utepe pia, upitishe mshipi, uende nao mtoni kwako, kwenye kidimbwi unachokijua. Rusha kwa mita zile ulizopima. Ufito ukikataa mshipi wa namba 4, jaribu wa 3 au wa 5 kabla ya kuulaumu. Wa tano wangu upo katika hali hiyo sasa, pete zina utepe wa buluu, na Jumamosi tunashuka wote Chania.