Tonge la pembeni nalo ni chakula: kumpunguza uzito mbwa au paka bila kumnyima raha

Mbwa akianza kunenepa, macho ya watu wote huenda kwenye bakuli. Wanabadilisha aina ya chakula, wanapunguza kipimo cha jioni, wanaongeza matembezi, na baada ya miezi miwili mnyama yuko vilevile. Siku hizi nikiombwa ushauri naanza na swali jingine: kati ya asubuhi na usiku, nani mwingine humo ndani anamlisha, na anampa nini? Majibu huja taratibu. Kipande cha mkate wakati wa kifungua kinywa. Ngozi ya kuku jikoni. Biskuti akirudi kutoka nje, nyingine akitii alipoambiwa kaa, na ile ya mwisho kabla ya kulala.

Sitamwambia mtu aache kumpa mnyama wake kitu kidogo cha kumfurahisha. Ninachosisitiza ni kwamba kitu hicho kitoke ndani ya chakula cha siku, kisiwe nyongeza juu yake. Nimeliona hili likifanya kazi kwa mbwa wangu na kwa paka wangu, na naamini ndilo linaloamua mambo kuliko aina ya chakula au urefu wa matembezi.

Bobi nilimpokea kutoka kwa shangazi yangu alipohamia nyumba isiyoruhusu wanyama. Ni mbwa mchanganyiko, mdogo wa umbo, amehasiwa, na alikuja akiwa na kilo 13. Daktari wa wanyama alimpapasa mbavu, akamtazama kiuno kutoka juu, akampa alama 7 kwenye kipimo cha 1 hadi 9 ambacho 4 na 5 ndizo alama nzuri. Kila alama moja juu ya 5 huhesabiwa kuwa ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito uliozidi, kwa hiyo tukakubaliana kwamba umbo lake linadai kilo 10 hivi.

Shangazi aliposikia alishangaa kweli. "Mwanangu, huyo mbwa hali sana," aliniambia. Na kuhusu bakuli alikuwa anasema kweli tupu, maana alifuata kipimo cha mfuko bila kuzidisha. Ila kila jioni walikuwa wakikaa pamoja na jibini mkononi, yeye kipande, Bobi kipande.

Gramu 30 za jibini gumu zina kalori kama 120. Hapo ndipo hesabu inapoanza kuuma, kwa sababu mbwa anayepunguzwa uzito ili afike kilo 10 hupangiwa takriban kalori 394 kwa siku nzima. Ni kama mtu mzima anayehitaji kalori 2000 aongezewe 600 juu ya milo yake yote, kila jioni, kwa miaka.

Hiyo 394 inatoka kwenye kanuni ambayo madaktari wa wanyama huianzia, nayo unaweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu. Chukua uzito unaolenga kufika, si uzito wa sasa. Kilo zidisha kwa kilo, kisha kwa kilo tena. Jibu litafutie kipeuo cha pili, halafu kipeuo cha pili kwa mara nyingine, mwisho zidisha kwa 70. Kwa kilo 10 unapata 1000, kisha 31.6, kisha 5.62, kisha 394. Kwa mbwa anayepunguzwa, hapo ndipo pa kuanzia, na daktari atapandisha au kushusha kulingana na umri, afya na mizani inavyosema. Mbwa aliyehasiwa asiye na tatizo la uzito huhitaji zaidi ya hapo, karibu mara moja na nusu hivi.

Sasa gawanya. Vitafunio visizidi asilimia 10 ya kalori za siku. Kiwango hiki hakikuwekwa kwa ajili ya unene peke yake. Chakula kamili cha mbwa kimepangwa kwa uwiano wa protini, madini na vitamini, ilhali vitafunio vingi havina uwiano huo, kwa hiyo vikichukua nafasi kubwa mnyama anaweza kunenepa na papo hapo akakosa anachohitaji. Kwa Bobi asilimia 10 ni kalori 39. Zinabaki 355 za bakuli. Mfuko wa chakula kikavu huandikwa kalori kwa kilo, mara nyingi kwa maandishi madogo. Ukisoma 3600, basi kila gramu ina 3.6, na 355 ni kama gramu 98 kwa siku nzima.

Gramu, narudia, na si vikombe. Kikombe kilekile, mkono uleule, leo kinajaa kwa kilima na kesho kimesawazishwa, na kwa mnyama mdogo tofauti ya gramu 15 ni sehemu kubwa ya siku yake. Mizani ndogo ya jikoni inatosha. Na kipimo cha kwenye mfuko kisomwe kama makadirio tu, kwa sababu kimeandikwa kwa mbwa wengi kwa pamoja, na mnyama aliyehasiwa mahitaji yake ya nishati hushuka sana huku hamu ya kula ikipanda.

Kitu kilichotusaidia kuliko vyote nyumbani ni kopo. Asubuhi, kabla mtu yeyote hajamwita Bobi, napima gramu zake zote 98. Sehemu naweka kwa mlo wa asubuhi, sehemu kwa wa jioni, na kiasi cha ngumi ya mtoto naingiza kwenye kopo lenye kifuniko juu ya kabati, pamoja na vile vitafunio vya kalori 39 nilivyokatakata. Atakayetaka kumpa Bobi chochote mchana anakitoa humo. Watoto wanaruhusiwa, wageni wanaruhusiwa, na hakuna haja ya kuuliza "amekula ngapi leo?" kwa sababu kopo lenyewe linaonyesha. Likiisha, limeisha mpaka kesho. Mwanangu mdogo mwanzoni alikuwa akilimaliza kabla ya saa nne, kisha akajifunza mwenyewe kumwekea Bobi akiba ya jioni.

Utaona kwamba vingi vilivyomo koponi ni punje zake za kawaida. Watu hudhani mbwa atazikataa kwa kuwa ni zilezile za bakulini. Jaribu. Punje inayotoka mkononi mwako, baada ya kutii amri au katikati ya mchezo, kwa mbwa wengi ina thamani tofauti kabisa na punje iliyolala bakulini. Na ukubwa wa kipande haumshughulishi kama tendo la kupewa. Biskuti moja iliyovunjwa vipande vitano ni furaha tano, na kwa mafunzo ni bora zaidi kwa sababu hatafuni muda mrefu akasahau alichosifiwa.

Kwa vile vya ziada, tazama maji na mafuta. Gramu moja ya mafuta ina nishati zaidi ya mara mbili ya gramu ya protini au wanga, ndiyo maana kijiko kikubwa cha siagi ya karanga kinakaribia kalori 95, wakati gramu 100 nzima za karoti zina kama 40. Karoti, maharagwe machanga ya kijani, yale yanayoliwa na maganda yake, yaliyochemshwa bila chumvi, tango, tufaha lililotolewa mbegu, vyote hivi Bobi anavipenda. Kifua cha kuku kilichochemshwa ni kizuri pia: gramu 10 ni kalori 16 hivi, na unaweza kuzichambua zikawa nyuzi nyingi. Zabibu, mbichi au kavu, vitunguu vya aina zote, chokoleti na kitu chochote chenye kiongeza utamu cha zailitoli visikaribie mdomo wa mbwa hata kwa bahati mbaya. Siagi ya karanga soma orodha ya viungo kwanza, maana nyingine zina zailitoli. Mabaki yenye mafuta mengi nayo yaache, kwani yanaweza kuchochea uvimbe wa kongosho, na huo ni ugonjwa mzito.

Kuna vitu vinavyopita bila kuhesabiwa kwa sababu havina sura ya kitafunio. Jibini la kufungia kidonge ni mojawapo. Vijiti vya kusafishia meno ni kingine, na kwa mbwa mdogo kijiti kimoja kinaweza kumaliza mgao wote wa asilimia 10 na kupitiliza. Sisemi uviache kama meno yanavihitaji. Viandikie kalori zake, utoe kiasi hicho kwingine.

Je, njaa? Hili linawasumbua watu wenye huruma, na wana haki ya kusumbuka. Baadhi ya wanyama wana njaa ya kweli isiyotokana na tabia. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walionyesha kwamba karibu Labrador mmoja kati ya wanne ana upungufu kwenye jeni iitwayo POMC, inayohusika na hisia ya kushiba. Mbwa wa namna hiyo hadanganyi anapokutazama na macho yale. Anahitaji chakula chenye ujazo mkubwa na kalori chache, milo midogo iliyogawanywa mara tatu au nne, na punje zilizofichwa kwenye taulo iliyokunjwa ili azitafute kwa pua. Na mbwa wengine wengi wanaokuja kuomba wanachotaka ni wewe. Bobi akija kunigusa goti saa mbili usiku, mara nyingi nikitupa mpira mara chache au nikimkwangua shingo, anaridhika na kwenda kulala.

Huruma yenyewe ina upande mwingine ambao ningependa watu waufikirie. Kuna utafiti uliowafuata Labrador 48 maisha yao yote, wakiwa wamepangwa kwa jozi, mmoja wa kila jozi akipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 ya mwenzake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Nusu ya wale wa kundi lililoshiba zaidi walikuwa wamekufa walipofika miaka 11.2, na kundi jembamba lilifika 13. Maumivu ya viungo pia yaliwachelewa wale wembamba. Karibu miaka miwili ya kuwa na mbwa wako, tena akiweza kutembea. Mimi nikiwaza hilo, jibini linanitoka mkononi bila kulazimishwa.

Paka ni habari nyingine, na naomba hapa usome polepole. Paka mnene hapaswi kamwe kushindishwa njaa. Akikaa siku mbili tatu bila kula, mwili huanza kukimbiza mafuta kwenye ini kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia, na paka anaweza kufa. Kwa hiyo ule ushauri wa "mwache, akiona njaa atakula chakula kipya" haufai kabisa kwa paka. Chakula kipya kichanganywe kidogo kidogo na cha zamani kwa wiki moja au zaidi, na paka aliyegoma kula kwa siku nzima apigiwe simu daktari.

Kisura, paka wangu, uzito wake mzuri ni kilo 4. Kanuni ileile inatoa kalori 198, na paka anayepunguzwa kwa kawaida hupangiwa asilimia 80 ya hapo, yaani 158. Asilimia 10 yake haifiki hata 16. Zile chembe za kitafunio cha paka huwa na kalori moja hadi mbili kila moja, kwa hiyo nane au kumi ndiyo siku nzima imekwisha. Kilichomsaidia zaidi ni chakula chenye majimaji. Zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji, hivyo anapata bakuli la kuonekana bila kalori nyingi. Na kwa kuwa paka kwa asili hula milo mingi midogo, nimemgawia mara tano. Kabla ya kila mlo anakimbizana na kamba kwa dakika chache, kisha anakula. Maziwa hapewi, kwani paka wengi wakubwa hayawakubali tumboni, na kalori zake ni za bure.

Kabla hujaanza lolote kati ya haya, mpeleke mnyama kwa daktari. Tezi ya thairoidi ikilegea mbwa hunenepa hata akila kidogo, na dawa za jamii ya steroidi hupandisha hamu ya kula. Ukikata chakula wakati chanzo ni ugonjwa, unamtesa bure. Pia daktari ndiye atakayekuambia kama chakula cha kawaida kikipunguzwa kitatosha virutubisho, au ahamie kile maalumu cha kupunguza uzito chenye protini na vitamini zaidi kwa kila kalori.

Kasi nzuri kwa mbwa ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake kwa wiki. Kwa paka iwe polepole zaidi, asilimia nusu hadi moja. Bobi akiwa na kilo 13 hiyo ilikuwa gramu 130 hadi 260, kiasi ambacho jicho halikioni, ndiyo maana nilimpima kila baada ya wiki mbili kwenye mizani ileile, asubuhi kabla ya kula. Katikati ya vipimo nilitumia vidole. Kunja ngumi upapase vifundo vya vidole: mbavu zikisikika hivyo, amekonda mno. Nyoosha kiganja upapase mgongo wa mkono: hivyo ndivyo zinavyotakiwa kusikika. Geuza upapase nyama ya kiganja chini ya vidole: zikisikika hivyo, bado kuna mafuta juu yake.

Uzito ukisimama kwa wiki tatu nne, kwanza uliza nyumbani kama kuna kinachotoka nje ya kopo. Kama hakuna, punguza bakuli kwa asilimia 5 hadi 10, si zaidi. Na akifika kwenye uzito wake usirudi kwenye kipimo cha zamani. Ongeza asilimia 10, subiri wiki mbili, pima, ongeza tena kidogo mpaka mizani itulie. Bobi alitulia kwenye gramu 120 kwa siku na kopo lake bado lipo.