Kijaluba changu na vepu yako

Mombasa, Jumatatu usiku

Mwanangu Salim,

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu, na mara ya tatu nilizima feni nisikie vizuri. Umeniuliza: "Mama, vepu nimeiacha mara mbili, na zote mbili nimerudi siku ya tatu. Wewe tumbaku uliiachaje?" Nakuandikia kwa sababu jibu ni refu, na kwenye simu hukawii kunikatiza.

Kwanza, nilikuwa najua. Idi iliyopita niliingia chumbani mwako kuchukua shuka nikanusa embe. Nikafurahi, nikasema mtoto kaniletea maembe, nikayatafuta hadi uvunguni mwa kitanda. Chini ya mto nikakuta kidude cha samawati, kina kitaa, kumbe ndiyo hiyo sigara ya umeme mnayoiita vepu, na embe ni harufu yake. Nikakirudisha palepale nikatoka. Mtu aliyetafuna tambuu miaka 19 angemkemea nani?

Unakikumbuka kijaluba cha shaba alichoniachia bibi yako. Ndani mlikuwa na majani ya tambuu kwenye kitambaa kibichi, popoo na mkasi wake, chokaa, katu, na tumbaku kwenye karatasi. Vyote hivyo kwa jina moja tuliviita uraibu. "Nipe uraibu wangu," ndivyo nilivyokuwa nikikutuma. Leo nalisikia neno hilohilo redioni likitajiwa heroini.

Mwaka 2006 nilikwenda kung'oa jino, daktari akaona doa jeupe ndani ya shavu la kushoto, pale hasa nilipokuwa nikiliweka tonge. Akakata kinyama kikapimwa. Haikuwa saratani, alhamdulillahi, lakini aliniambia bila kuzunguka kwamba tumbaku na popoo ndivyo vinavyompeleka mtu huko, tena popoo hata ikiwa peke yake. Nikatoka nimeapa. Kiapo kilidumu siku mbili.

Ikaja Ramadhani ya mwaka huo. Mchana kutwa sikuitamani tambuu. Masaa 13 napika, nashona, nacheka na jirani. Adhana ya magharibi ikilia, tende haijashuka kooni, mkono ushafika kwenye kijaluba. Nikajiuliza, adhuhuri hamu hii ilikuwa wapi? Mchana hapakuwa na la kuamua, basi nayo ilikaa kimya. Jioni mlango u wazi, na hamu inajua saa.

Sasa wewe unasema umeacha, na kwenye sauti hiyohiyo unakiri kuwa kimoja kimo kwenye droo ya ofisini "kwa dharura". Huko ni kungoja magharibi tu, mwanangu.

Na siku ya tatu usijilaumu. Nikotini, ile inayomnasa mtu kwenye tumbaku na vepu, hupungua nusu mwilini kila baada ya saa mbili hivi, kwa hiyo siku ya pili na ya tatu mwili umebaki mkavu, na ubongo uliozoea kulishwa kila dakika chache unapiga kelele. Vijana wa maskani huiita hali hiyo arosto. Ndizo siku mbaya kuliko zote. Baada ya hapo hupungua kidogokidogo, na wiki tatu nne zikipita mtu huwa mtu tena. Mara zote mbili umerudi siku ambayo kesho yake ingekuwa nafuu.

Kwa hiyo usiache kesho. Acha Ijumaa ya wiki ijayo, na siku hizi 11 uzifanyie kazi.

Anza kuhesabu. Sigara huisha, kichungi kikamwambia mtu basi. Tambuu nayo hutemwa. Hiyo yako haina mwisho. Umesema mwenyewe hujui unavuta mara ngapi. Chukua karatasi, usitumie simu, maana simu na vepu vimeshazoeana mkononi mwako. Kila ukivuta andika saa, uko wapi, umetoka kufanya nini. Mimi nilichora vijistari kwa penseli kwenye kalenda ya jikoni. Nikidhani natafuna mara sita kwa siku, kumbe mara 14. Katika hizo, nilizozitaka kwelikweli zilikuwa tatu: baada ya chai ya asubuhi, baada ya wali wa mchana, na jioni barazani na mama Fatuma. Kumi na moja zilizobaki ni mkono tu ulikuwa ukijiendea. Hizo ndizo nilizoanza kuziondoa kabla ya siku yenyewe, na hazikuniuma.

Kisha soma boksi. Palipoandikwa asilimia 5 maana yake ni miligramu 50 za nikotini katika kila mililita. Uingereza sheria inaishia 20. Na hizi za sasa zimetengenezwa na nikotini ya chumvi, ambayo haikwaruzi koo, ndiyo maana unaweza kuvuta usiku kucha usikohoe. Kama unatumia ile ya kujazwa, shusha kiwango wiki hii. Kama ni ile ya kutupwa, weka umbali: isilale chumbani. Asubuhi ikutake uvae kandambili uifuate sebuleni.

Halafu nenda famasia ukaulize ubani wa kutafuna wenye nikotini, wa kupunguza hamu. Usiuonee haya, Shirika la Afya Duniani liliuweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009. Upo wa miligramu 2 na wa 4, na mfamasia atakuuliza baada ya kuamka unakaa muda gani kabla ya kuvuta. Mwambie kweli kwamba hata mswaki hujashika. Kama una tatizo la moyo au unakunywa dawa nyingine, mwambie pia. Ubani huo hautafunwi kama jojo. Unautafuna polepole hadi uhisi pilipili, unauegesha kati ya ufizi na shavu, pilipili ikiisha unautafuna tena, kama nusu saa hivi. Kuegesha shavuni sina haja ya kufunzwa! Lakini kuna jambo nililielewa uzeeni. Robo saa kabla yake usinywe kahawa wala soda, kwa sababu uchachu huizuia nikotini kupita shavuni. Chokaa kwenye tambuu ilikuwa ikifanya kinyume chake, ikiifungulia njia. Miaka yote ile nilidhani chokaa ni ya kuleta wekundu wa midomo.

Alhamisi usiku ndiyo usiku wa kusafisha. Fua mapazia na mito, embe litoke. Kusanya vyote, cha droo, cha koti, cha begi, cha gari la rafiki yako. Usivichome wala usivitupe jaani, betri zake ni za lithiamu na hushika moto. Wapelekee mafundi wa simu au wanaokusanya taka za umeme. Mimi kijaluba nilikipeleka kwa khalati wako Kisauni, nikamwambia hata nikija nalia asinipe. Nilikwenda. Nikalia. Hakunipa, ila alinipa sahani ya mbaazi.

Mkono nao upe kazi. Mimi nilitafuna iliki, na mfukoni nilitembea na kijiti cha mswaki. Mswaki utakufaa zaidi yangu: unashikika, unaingia mdomoni, una ladha kali, na ofisini hakuna atakayekuuliza. Hamu ikija haikai sana, ni dakika chache, ingawa wakati huo huona kama itakaa milele. Ondoka ulipo. Kunywa maji. Wenzako wakitoka kibarazani kuvuta, wewe shuka ngazi ukanunue karanga. Na mwambie mmoja wao, mmoja tu, yule asiye mzaha.

Yatakayokupata nayajua: kichwa, usingizi wa kuruka, njaa, choo kigumu, na hasira zisizo na mwenyewe. Wewe ulikuwa na miaka 8. Siku yangu ya tatu wali wa nazi uliungua, nikaipiga sufuria ukutani, wewe ukajificha nyuma ya mtungi. Nilikukuta umeziba masikio. Hilo nimekaa nalo miaka mingi, na sijawahi kukuomba radhi. Nakuomba leo. Wewe huna mtoto wa kumtisha, lakini unayo kazi ya kupokea simu za wateja wenye hasira, kwa hiyo omba zamu ya mchana wiki hiyo kama watakupa.

Neno moja la ukali. Usihamie sigara eti "kidogo tu hadi nitulie". Moshi wa kitu kinachoungua ni mbaya kuliko mvuke wako, japo mvuke wako nao si maji matupu kama mnavyoambizana. Nakumbuka shisha ilipopigwa marufuku, Desemba 2017, nilishukuru nikidhani yamekwisha. Kumbe uliondoka mlango huu ukaingilia ule.

Na ukiteleza ukavuta mara moja, iwe mara moja. Mimi jaribio la pili lilivunjika kwenye kesha la harusi, kinamama wanapitishiana sinia, nikachukua tambuu moja. Tambuu hiyo haikunirudisha. Kilichonirudisha ni asubuhi yake, niliposema nimeshaharibu, basi, nikatafuna miezi mitano mingine.

Nimeshatia alama kwenye kalenda. Ijumaa ni siku ya kwanza, Jumapili ni ya tatu. Jumapili hiyo usiku nitakuwa macho hadi utakapopiga, hata ikiwa saa nane, na ukitaka kufoka nifokee mimi.

Mamako